Kusoma protini kwa kuyafuata maji: kutoka herufi 146 hadi umbo kamili

Wanafunzi wengi wa biokemia huzikariri ngazi nne za muundo wa protini (mfuatano wa asidi amino, mikunjo ya sehemu zake, umbo la mnyororo mzima, na muungano wa minyororo kadhaa) na kuzitaja kwenye mtihani bila kukosea, lakini ukiwapa mfuatano wa protini wasiyoijua hawajui waanzie wapi. Si kosa lao. Ngazi hizo hufundishwa kama orodha, ilhali ndani ya seli ni tukio moja: mnyororo unatoka kwenye ribosomu, kiwanda cha seli cha kutengeneza protini, unakutana na maji, na maji yanaulazimisha ujikunje. Ukishika swali moja tu, yaani kila asidi amino, kipande kimoja cha mnyororo huo, inafanya nini mbele ya maji, ngazi zote nne zinaanza kueleweka bila kukaririwa.

Mwongozo huu unaifuata protini moja, mnyororo wa beta (beta-globini) wa hemoglobini ya binadamu, protini ya damu inayobeba oksijeni, tangu herufi zake hadi umbo lake. Ni mnyororo mfupi, umbo lake limechunguzwa kwa miongo mingi, na badiliko la asidi amino moja ndani yake ndilo linaloleta ugonjwa wa selimundu. Uwe na karatasi, kalamu za rangi mbili, na kompyuta au simu yenye intaneti.

Hatua ya 1: Leta mfuatano mbele yako

Fungua UniProt, hifadhi ya wazi ya mifuatano ya protini, kisha utafute P68871. Hiyo ndiyo namba ya beta-globini ya binadamu. Utakuta herufi 147, kila herufi ikisimama badala ya asidi amino moja. Ya kwanza ni M, methionini, ambayo ribosomu huanza nayo karibu kila mnyororo. Katika beta-globini methionini hiyo huondolewa, na protini iliyokomaa inabaki na asidi amino 146 zinazoanza hivi:

VHLTPEEKSAVTALWGKV

Nakili herufi hizi 18 kwenye karatasi na uandike namba chini ya kila moja, V ya kwanza ikiwa 1. Usiidharau kazi hii ya namba. Vitabu vingi vya tiba vinasema badiliko la selimundu liko nafasi ya 6, ilhali kanuni za sasa za kuandika mabadiliko ya jeni zinaita nafasi ya 7 kwa kuwa zinaihesabu ile M. Ni mahali pamoja. Nimeona watu wakibishana kwa muda mrefu juu ya namba hizi mbili, wakati jibu limo kwenye herufi iliyoondolewa.

Mnyororo husomwa kuanzia mwisho wa N, wenye kundi huru la amino, hadi mwisho wa C, wenye kundi huru la kaboksili. Ribosomu nayo huutengeneza kwa mwelekeo huohuo. Kwa hiyo ukisoma kushoto kwenda kulia unafuata mpangilio ambao asidi amino zilitoka nje, moja baada ya nyingine.

Kabla ya kuendelea, kadiria uzito: zidisha idadi ya asidi amino kwa 110. Kwa beta-globini unapata daltoni 16,060 (daltoni moja ni takriban uzito wa atomu ya haidrojeni), na uzito halisi ni takriban 15,870. Hesabu hii ya haraka itakusaidia kila utakapotaka kujua kama bendi unayoiona kwenye jeli ya maabara inaweza kuwa protini unayoitafuta.

Hatua ya 2: Paka rangi mbili

Asidi amino za kawaida ni 20, na zote zina uti uleule, yaani sehemu inayoungana na wenzake kuunda mnyororo. Zinatofautiana kwenye kundi la pembeni tu. Usianze kwa kukariri michoro 20. Anza kwa kuzigawa kulingana na maji.

Kalamu ya kwanza ni ya zile zinazoyakimbia maji: valini (V), leusini (L), isoleusini (I), methionini (M), fenilalanini (F) na triptofani (W). Alanini (A) nayo iweke humu, ingawa ni ndogo na haina msimamo mkali. Kalamu ya pili ni ya zinazoyapenda maji. Kati yake lisini (K) na arjinini (R) zina chaji chanya, aspartati (D) na glutamati (E) zina chaji hasi, na serini (S), threonini (T), asparajini (N) na glutamini (Q) hazina chaji lakini hushikana na maji kwa bondi za haidrojeni. Histidini (H) iweke kwa wapenda maji, ukikumbuka kwamba katika pH ya mwilini inaweza kupokea au kuachia protoni kwa urahisi, ndiyo maana utaikuta mara nyingi katikati ya kazi za vimeng'enya. Tirosini (Y) ina tabia zote mbili.

Tatu ziachie alama ya pekee. Glisini (G) haina kundi la pembeni zaidi ya haidrojeni moja, hivyo uti wake hujipinda kwa namna ambazo nyingine haziwezi. Prolini (P) ni kinyume chake: kundi lake la pembeni limejifunga kwenye naitrojeni ya uti wenyewe, hivyo ni ngumu na haina haidrojeni ya kutoa kwenye bondi. Sisteini (C) ina salfa inayoweza kuungana na salfa ya sisteini nyingine.

Sasa tazama karatasi yako. Wakimbia maji na wapenda maji wamechanganyika, bila mpangilio unaoonekana kwa jicho. Mpangilio upo, nao utajitokeza kwenye hatua ya 4.

Hapa inafaa kutulia kidogo, maana neno kukimbia linaweza kupotosha. Hakuna kani inayoisukuma leusini mbali na maji. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa bondi za haidrojeni zinazovunjika na kuungana upya bila kukoma. Ukiweka katikati yao kitu kisichoweza kushiriki bondi hizo, molekuli zinazokizunguka hulazimika kujipanga kwa utaratibu wenye uhuru mdogo zaidi. Vitu hivyo vikikusanyika pamoja, eneo linaloguswa na maji linapungua, na maji mengi yanarudishiwa uhuru wake. Kinacholipia kukunjika kwa protini, kwa sehemu kubwa, ni uhuru huo wa maji. Mtu akikuambia protini hujikunja kwa sababu asidi amino zinavutana, mwambie amesema sehemu ndogo tu.

Hatua ya 3: Chunguza uti kabla ya makundi ya pembeni

Asidi amino mbili zikiungana, molekuli moja ya maji hutolewa na bondi ya peptidi huundwa kati ya kaboni na naitrojeni. Bondi hii haizunguki kwa urahisi. Urefu wake ni nanometa 0.133, mfupi kuliko bondi ya kawaida ya kaboni na naitrojeni yenye 0.147, kwa sababu elektroni zake zinagawana tabia ya bondi moja na ya bondi mbili. Matokeo yake ni kwamba atomu sita zinazoizunguka hukaa kwenye bapa moja.

Mzunguko unabaki kwenye bondi mbili tu za uti kwa kila asidi amino, nazo pembe zake huitwa fai na sai. Mwaka 1963 G. N. Ramachandran na wenzake huko Madras, India, walionyesha kwamba pembe nyingi kati ya hizo haziwezekani kabisa, kwa kuwa atomu zingegongana. Mchoro wao bado unatumika kila siku kukagua ubora wa miundo mipya ya protini.

Na hapa ndipo penye fumbo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Uti wenyewe unayapenda maji: kila asidi amino ina N–H na C=O zinazotaka bondi za haidrojeni, isipokuwa prolini isiyo na ile N–H. Ukitaka kuificha leusini ndani, huna budi kuuingiza ndani na uti unaoibeba. Lakini ndani hakuna maji ya kushikana nao. Uti ulioachwa bila mwenzi ni hasara kubwa ya nishati, na protini isingekunjika kamwe. Ufumbuzi ni uti kushikana wenyewe kwa wenyewe, na kuna njia mbili kuu za kufanya hivyo kwa utaratibu.

Hatua ya 4: Tafuta helisi na laha

Njia ya kwanza ni helisi ya alfa, msokoto kama wa springi, iliyotabiriwa mwaka 1951 na Linus Pauling, Robert Corey na Herman Branson kwa kutumia vipimo vya bondi na modeli, kabla ya mtu yeyote kuiona ndani ya protini kamili. C=O ya kila asidi amino hushikana na N–H ya asidi amino ya nne mbele yake. Mzunguko mmoja unachukua asidi amino 3.6 na unapanda nanometa 0.54, sawa na nanometa 0.15 kwa kila asidi amino. Makundi ya pembeni yote yanatazama nje ya helisi.

Njia ya pili ni laha ya beta. Hapa vipande vya mnyororo vilivyonyooka hulala kando kwa kando na kushikana. Vipande vinaweza kwenda upande mmoja au pande zinazopingana, na makundi ya pembeni hupishana, moja juu na linalofuata chini. Kwa hiyo kipande cha laha chenye uso mmoja ndani na mwingine nje huonyesha herufi zinazobadilishana rangi: moja ya kukimbia maji, moja ya kuyapenda.

Kati ya helisi na laha kuna mapindo na vitanzi, ambako glisini na prolini hupatikana kwa wingi.

Sasa rudi kwenye karatasi yako, fanya zoezi ambalo kwa maoni yangu linafundisha kuliko mihadhara kadhaa. Chora duara. Kwa kuwa mzunguko wa nyuzi 360 una asidi amino 3.6, kila asidi amino inasogea nyuzi 100 kutoka iliyotangulia. Weka asidi amino ya 11, valini, juu kabisa kwenye nyuzi 0, kisha zipange nyingine kuanzia ya 5 hadi ya 18. Ya 12 iende nyuzi 100, ya 13 nyuzi 200, ya 14 nyuzi 300, ya 15 nyuzi 40 baada ya kumaliza duara, na kadhalika. Kwa zilizotangulia rudi nyuma nyuzi 100 kila moja.

Ukimaliza utaona V11, L14, W15 na V18 zimekusanyika upande mmoja wa duara, ndani ya nyuzi 100 tu. Upande wa pili ziko S9, A13, K17 na E6. Herufi zilizoonekana ovyo kwenye mstari zimegawanyika kwenye duara: uso mmoja unayakimbia maji, mwingine umeelekezwa kwayo. Alama ya helisi inayolala juu ya uso wa protini ndiyo hiyo. Hiki ni kipande halisi cha helisi A ya beta-globini, helisi ya kwanza kati ya 8. Duara halitakuwa safi kabisa, kwa mfano E7 inaangukia upande wa valini, lakini ipo mwanzoni mwa helisi ambako maji bado yanafika. Prolini ya nafasi ya 5 nayo isikutishe. Prolini huvunja helisi ikikaa katikati, lakini kwenye mzunguko wa kwanza inakaa vizuri, kwa sababu hapo hakuna C=O iliyotangulia inayoihitaji N–H yake.

Weka alama nzito kwenye E6. Imeelekea nje, majini. Tutairudia.

Hatua ya 5: Jenga kiini

Ngazi ya tatu ni umbo zima la mnyororo mmoja. Helisi za beta-globini hujipanga ili nyuso zao zinazokimbia maji zitazamane, na hivyo kiini kikavu kinaundwa. Kiini hicho hufungashwa kwa kubana sana: kundi la pembeni la mmoja hujaza pengo lililoachwa na mwingine.

John Kendrew alipotoa muundo wa mayoglobini, protini ya misuli inayohifadhi oksijeni, mwaka 1958, protini ya kwanza kuonekana katika vipimo vitatu, wengi walishangazwa na jinsi ulivyokosa ulinganifu. Walitarajia kitu chenye urembo wa kijiometri. Walichopata ni helisi zilizopinda huku na huku kuzunguka hemu, molekuli bapa yenye chuma. Leo tunajua ukosefu huo wa ulinganifu una sababu: mfuatano usiojirudia huzaa umbo lisilojirudia. Kendrew na Max Perutz, aliyeshughulikia hemoglobini, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1962.

Kani nyingine zinazoshikilia umbo zipitie haraka: bondi za haidrojeni kati ya makundi ya pembeni, mvutano wa chaji chanya na hasi, mivutano midogo ya atomu zilizokaribiana, na madaraja ya salfa kati ya sisteini. Madaraja ya salfa hupatikana zaidi kwenye protini zinazotumwa nje ya seli, kama insulini yenye madaraja matatu. Beta-globini ina sisteini mbili na haina daraja lolote kati yake.

Jambo la kukumbuka ni kwamba umbo kamili limesimama kwenye faida ndogo sana. Protini nyingi za kawaida zilizokunjika zinazidi zilizokunjuka kwa uthabiti wa kilojuli 20 hadi 60 tu kwa moli, ilhali bondi moja ya kaboni kwa kaboni ina takriban 350. Ndiyo maana joto la kadiri, asidi au yurea nyingi huweza kuikunjua protini bila kuvunja hata bondi moja ya peptidi.

Kwenye beta-globini tafuta histidini mbili, ya 63 na ya 92. Histidini 92 imeshikamana na chuma cha hemu moja kwa moja. Histidini 63 iko upande wa pili, pale oksijeni inapokaa. Kwenye mfuatano zimetengana kwa nafasi 29, kwenye umbo zinatazamana. Uhusiano wa namna hiyo hauonekani kwenye herufi, na ndio unaofanya ngazi ya tatu iwe na thamani.

Hatua ya 6: Uliza kama mnyororo unafanya kazi peke yake

Protini nyingi hazina ngazi ya nne kabisa. Mayoglobini, kwa mfano, ni mnyororo mmoja unaojitosheleza. Hemoglobini ina minyororo minne, alfa miwili yenye asidi amino 141 kila mmoja na beta miwili yenye 146, jumla 574, pamoja na hemu nne. Minyororo hiyo inawasiliana. Oksijeni ikishika hemu moja, mkao wa mnyororo hubadilika na kuwarahisishia wenzake kushika oksijeni. Minyororo minne ya beta ikiungana yenyewe bila alfa, kama inavyotokea katika baadhi ya hali za thalasemia ya alfa, ugonjwa wa kurithi ambamo minyororo ya alfa ni pungufu, mawasiliano hayo hupotea na oksijeni hushikwa kwa nguvu mno kiasi kwamba haiachiliwi vizuri kwenye tishu.

Ukiona protini ina doa la asidi amino zinazokimbia maji juu ya uso wake, jiulize: doa hilo lina mwenzi? Mara nyingi ndipo mnyororo mwingine unapokaa.

Hatua ya 7: Itambue aina

Kuzigawa protini kwa kazi ni rahisi: vimeng'enya, kingamwili, baadhi ya homoni, vipokezi, za kusafirisha, za kujenga. Kuzigawa kwa umbo kunakufundisha zaidi, kwa sababu aina ya umbo huacha alama kwenye mfuatano.

Protini za duara, kama beta-globini, zina mfuatano uliochanganyika na kiini kikavu. Protini za nyuzi hurudia. Kolajeni ndiyo mfano bora: kila asidi amino ya tatu ni glisini, katika mnyororo wa takriban asidi amino 1,000, na minyororo mitatu husokotwa pamoja. Katikati ya msokoto huo hakuna nafasi ya kitu kikubwa kuliko haidrojeni moja, ndiyo sababu glisini haiwezi kukosekana. Prolini nyingi za kolajeni huongezewa kundi la haidroksili, kazi inayohitaji vitamini C. Vitamini hiyo ikikosekana, msokoto haukazi vizuri, na hapo ndipo dalili za kiseyeye zinapotokea. Keratini ya nywele nayo ni helisi zilizosokotwa, zikikazwa kwa madaraja ya salfa.

Protini za utando hupindua kanuni ya maji, na zinathibitisha jinsi kanuni hiyo ilivyo na nguvu. Mazingira yake ni mafuta, kwa hiyo wakimbia maji hutazama nje. Sehemu ya mafuta ya utando ina unene wa karibu nanometa 3, na helisi hupanda nanometa 0.15 kwa kila asidi amino, hivyo helisi ya kuvuka utando huhitaji takriban asidi amino 20. Ukiona mfululizo wa herufi 20 karibu zote za kalamu ya kwanza, shuku utando mara moja. Ukiona mifululizo 7 ya namna hiyo, huenda umekutana na mojawapo ya vipokezi vingi vinavyopokea ishara kutoka nje ya seli.

Aina ya nne husahaulika mno: protini zisizo na umbo maalumu. Mifuatano yake imejaa chaji na wapenda maji, na haina wakimbia maji wa kutosha kujenga kiini. Alfa-sinukleini, yenye asidi amino 140, ni ya kundi hili inapokuwa huru majini. Si protini mbovu, kwani nyingi hupata umbo pale tu zinapomshika mwenzi wake.

Hatua ya 8: Fuatilia kukunjika kwenyewe

Je, herufi peke yake zinatosha kuamua umbo? Christian Anfinsen alijibu kwa kutumia ribonukleasi A, kimeng'enya chenye asidi amino 124 na madaraja manne ya salfa. Aliikunjua kwa yurea na kuyavunja madaraja yote kwa kemikali. Alipoondoa vyote viwili, kimeng'enya kilijikunja upya na kurudia kazi yake. Sisteini 8 zinaweza kupatana wawili wawili kwa njia 105 (7 × 5 × 3), na ni njia moja tu iliyo sahihi. Aliporuhusu madaraja yaundwe upya wakati yurea bado ipo, kazi iliyorudi ilikuwa karibu asilimia 1, kama unavyotarajia kwa bahati nasibu. Yaani madaraja hayaongozi kukunjika. Yanakuja kufunga kile ambacho mfuatano na maji vimekwisha kukiamua. Anfinsen alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972.

Mwaka 1969 Cyrus Levinthal alionyesha ugumu uliobaki. Chukua mnyororo wa asidi amino 100, kila moja ikiwa na mikao 3 tu. Mikao yote ni 3 kwa kipeo cha 100, karibu 5 × 10⁴⁷. Hata ukijaribu mikao 10¹³ kila sekunde, ungehitaji takriban miaka 10²⁷. Protini ndogo hujikunja ndani ya sekunde chache au chini ya hapo, nyingine kwa maikrosekunde. Kwa hiyo haijaribu mikao yote. Helisi fupi huundwa mapema, wakimbia maji hukusanyika, na kila hatua hupunguza njia zilizobaki na kushusha nishati, kama maji yanavyoteremka bondeni kutoka pande nyingi na kuishia mto mmoja.

Ndani ya seli mambo ni magumu zaidi kuliko kwenye mrija wa Anfinsen. Kumejaa protini nyingine, na mnyororo unaotoka kwenye ribosomu huwa na wakimbia maji waliobaki wazi kabla sehemu ya mwisho haijatoka. Protini ziitwazo chaperoni huzuia balaa. Hsp70 hushika vipande vifupi vya wakimbia maji hadi wakati ufike. GroEL ya bakteria, yenye pete mbili za sehemu 7 kila moja, hufungia mnyororo mmoja ndani ya chumba chake ujikunje bila kugusana na wengine. Chaperoni haziambii protini ichukue umbo gani. Zinaipa nafasi tu.

Hatua ya 9: Tofautisha kukunjika vibaya na kunata

Rudi sasa kwenye E6. Katika selimundu glutamati hiyo inabadilishwa na valini, jambo lililobainishwa na Vernon Ingram katika miaka ya 1950. Watu wengi huandika kwamba hemoglobini ya selimundu imekunjika vibaya. Tazama duara lako: nafasi ya 6 iko nje, mbali na kiini. Kuibadilisha hakuvurugi kiini, na umbo la mnyororo linabaki karibu vilevile. Kilichobadilika ni uso. Penye chaji hasi iliyozoeana na maji sasa pana doa dogo la kuyakimbia maji. Hemoglobini inapoachia oksijeni, mnyororo wa beta hufunua kijishimo kilichopakana na fenilalanini 85 na leusini 88, na valini 6 ya molekuli jirani inaingia humo. Molekuli moja inashika nyingine, nyuzi ndefu zinajijenga, na seli nyekundu inapinda kuwa umbo la mundu.

Linganisha na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoathiri hasa mapafu. Protini yake, CFTR, ina asidi amino 1,480, na badiliko linaloongoza ni kukosekana kwa fenilalanini ya 508. Hapa ni kukunjika kwenyewe kunakokwama: seli huitambua protini hiyo kuwa haijakaa sawa na kuiharibu kabla haijafika kwenye utando. Tofauti hii inabadilisha tiba. Kwa CFTR kuna dawa zinazousaidia mnyororo ujikunje. Kwa selimundu dawa ya namna hiyo isingekuwa na la kurekebisha, na mkakati mmoja ni kuongeza hemoglobini ya kijusi, ambayo haijiungi vizuri na nyuzi hizo.

Prioni ni jambo la tatu. Protini ileile, mfuatano uleule, huchukua umbo jingine lenye laha nyingi za beta na kuzilazimisha nyingine zifuate. Stanley Prusiner alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1997 kwa kazi hiyo.

Hatua ya 10: Fungua umbo lenyewe

Nenda kwenye Protein Data Bank, hifadhi ya miundo iliyoanzishwa mwaka 1971, utafute 4HHB. Ni hemoglobini ya binadamu isiyo na oksijeni. Angalia kwanza uwazi wa muundo: hapa ni angstromu 1.74 (angstromu moja ni sehemu ya kumi ya nanometa), na namba ikiwa ndogo ndivyo maelezo yanavyokuwa bora. Minyororo A na C ni alfa, B na D ni beta. Bofya mfuatano wa B na uchague nafasi ya 6. Faili hili halihesabu M, kwa hiyo utaikuta glutamati ikichomoza nje. Kisha chagua 11, 14, 15 na 18, uone zinavyotazama ndani. Zikague dhidi ya duara lako.

Fungua tena 2HBS, hemoglobini ya selimundu. Ina molekuli mbili kamili zilizogusana. Tafuta valini 6 iliyoingia kwenye mnyororo wa beta wa jirani, na uonyeshe fenilalanini 85 na leusini 88 zinazoizunguka.

Kwa protini ambayo haijapimwa kwa majaribio, tumia hifadhi ya AlphaFold, programu ya akili bandia inayokadiria umbo kutoka mfuatano, yenye makadirio zaidi ya milioni 200. Kazi hiyo iliwapa Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024, pamoja na David Baker aliyesanifu protini mpya. Kila sehemu ya umbo ina alama ya uhakika hadi 100. Juu ya 90, rangi ya samawati iliyokoza, unaweza kuamini hata mkao wa makundi mengi ya pembeni. Chini ya 50, rangi ya chungwa, usisome umbo hata kidogo. Mara nyingi rangi hiyo inakuonyesha sehemu isiyo na umbo maalumu, nayo ni taarifa ya maana kwa haki yake.

Ukifungua P68871 humo, kumbuka mambo mawili. Utaona mnyororo bila hemu, ingawa kijishimo cha hemu kipo tayari. Na ukijaribu kukadiria umbo la mnyororo wenye valini nafasi ya 6, utapata umbo linalofanana na la kawaida karibu kila kitu, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauko kwenye mkunjo wa mnyororo mmoja. Ili kuuona lazima uweke molekuli mbili kando kwa kando, uulize doa lile jipya litakimbilia wapi maji yakilizunguka.